Kitabu Namba 61

Ikola, 14 Januari 2025

Mama yangu Romana,

Leo ni miezi mitano kasoro siku sita tangu niondoke Mwese. Habari za hapo nyumbani? Bibi yako, mama yangu mwenye jina lako, miguu inamsumbua bado? Mahindi yamefika wapi? Mimi mzima, isipokuwa mabega. Siku hizi mabega siyo yangu tena, ni ya magunia.

Usinipigie simu. Ilinichomoka mfukoni nikiwa na gunia kichwani juu ya ubao wa boti, ikaenda chini moja kwa moja. Mwandu, mtani wangu Msukuma tunayelala chumba kimoja, anasema sasa hivi dagaa wanaperuzi. Simu za kuazima zipo, lakini ukiongea hapa makuli wote wanasikiliza, halafu wanakusaidia kujibu. Kwa hiyo nitaandika. Siku za giza wavuvi wanaingia ziwani na sisi tunapakia mpaka tunasahau majina yetu. Mwezi ukiwa mkubwa hawaingii, na mimi nakaa. Hizo ndizo siku zangu za barua. Enoka wa Fuso ya dagaa atazifikisha Mpanda, kisha bodaboda wa Mwese atakuletea.

Enoka ameniambia umepewa maktaba ya shule. Ile shule yetu? Wakati wangu kulikuwa na kabati moja ofisini, na kufuli. Niambie kazi yenyewe ikoje. Lakini eleza taratibu, unajua mimi niliishia la tano, macho yakauma, nikaacha.

Ni mimi mjomba wako,
Method


Mwese, 2 Februari 2025

Shikamoo mjomba,

Barua yako imefika ikiwa inanuka dagaa, paka wa bibi akailamba kabla sijaifungua. Sisi wazima. Miguu ya bibi imepona. Jana alitembea mpaka kanisani kwenda kugombana na wanakwaya. Pole sana kwa simu na kwa mabega.

Maktaba ni lile lile kabati. Nilipewa kwa sababu siku ya kikao niliumwa jino sikwenda, na niliporudi nikaambiwa nimechaguliwa kwa kura zote. Ila pamoja na kabati nimepata mafunzo, na hayo mjomba nayapenda. Yako ndani ya kishikwambi, ile kompyuta bapa tuliyopewa walimu. Kila Jumamosi napanda kilima cha nyuma ya kanisa, ndipo mtandao unaposhika, nashusha somo la wiki na kutuma kazi yangu. Tuko walimu thelathini na wanane wa mkoa mzima, kila mmoja juu ya kilima chake. Tunajifunza kupanga vitabu, kupiga picha majalada, kuandikisha mtoto akiazima na akirudisha, kishikwambi kinakumbuka chenyewe. Mwezeshaji wetu anaitwa Bi Monika. Sijawahi kumwona, lakini namwogopa.

Sikiliza kilichonipata. Kazi ya kwanza tuliulizwa hali ya maktaba. Nikajisifu: vitabu 214, na tangu mwaka 2003 hakijapotea hata kimoja. Bi Monika akajibu kwa mistari miwili tu: "Hongera mwalimu. Na tangu mwaka 2003 vimesomwa vingapi?"

Mjomba, nilishuka kilima mikono kichwani. Jibu ni hakuna. Mwalimu Mkuu, mwalimu Eustace, anavaa ufunguo wa kabati shingoni, juu ya rozari. Watoto wanaviona vitabu kupitia kioo kama soda dukani.

Kazi ya mwisho ni kufikia tarehe 30 Aprili kuonyesha vitabu arobaini vya shule vilivyoazimwa vikarudi. Shule itakayofaulu italetewa kisanduku chenye sola yake, kinarusha vitabu maelfu kwenye vishikwambi bila mtandao wa nje, hata huku kwetu. Nisipofaulu kinakwenda shule nyingine. Nikamwendea mwalimu Eustace. Akasema, "Binti, mimi niliwahi kuazimisha." Mwaka 2003, alipokuwa kijana mtunza kabati, kitabu namba 61 cha ufugaji wa nyuki kilipotea. Mkaguzi akamsimamisha juani mbele ya wazazi wote, akamwambia awaeleze kitabu kiko wapi. Hakujua. Watu walicheka. Amesema kabati halifunguliwi mpaka astaafu.

Wewe ulikuwa la tano mwaka huo. Unakumbuka lolote?

Mpwa wako,
Romana


Mwese, 2 Machi 2025

Shikamoo mjomba,

Je, u mzima? Mbalamwezi ya Februari imepita. Enoka amefika Mpanda mara mbili, na bodaboda anasema hana barua. Bibi ameanza kusali kwa sauti, unajua maana yake. Kama unaumwa mwambie Mwandu aandike, hata kama atatia matusi.

Huku mvua imekata barabara na mimi nimekata tamaa nusu. Nimejaribu kila njia. Nilimwambia mwalimu Eustace nitafungua Ijumaa tu, yeye akiwa amesimama mlangoni. Akakataa. Nikaazimisha vitabu vyangu mwenyewe kumi, Bi Monika akasema vizuri, lakini vinahesabiwa vya shule tu. Nikaona labda akikijua kishikwambi atalainika, nikamfundisha kupiga picha. Alipiga ishirini, zote za paji la uso wake. Alifurahi sana, akaniambia nizitunze. Kabati akaliacha limefungwa.

Juzi alinikuta nafuta kioo cha kabati, akakaa pale kwenye kiti. Akasema, "Romana, si kwamba nawachukia watoto. Nikisikia mtu anasema kuazima, nasikia wale wazazi wanacheka."

Siku zimebaki sitini kasoro moja. Niandikie mjomba, hata mstari mmoja.

Mpwa wako,
Romana


Ikola, 14 Machi 2025

Mama yangu Romana,

Mwambie bibi apunguze sauti, siumwi. Mwezi uliopita nilikaa na kalamu siku tatu na karatasi nikarudisha kwenye mfuko. Mwandu alidhani namwandikia mwanamke.

Kitabu namba 61 ninacho. Kiko hapa chini ya godoro.

Macho yangu hayajawahi kuuma. Mwaka ule mwalimu Eustace aliniazima kile kitabu kwa sababu nilikuwa namsumbua kila siku na maswali ya nyuki, baba alikuwa mrina asali. Alinipa dirishani, watoto wengine wakitoka, akasema nirudishe Jumatatu. Nadhani aliona si vizuri kuandika jina kwa kitu cha siku tatu. Jumapili baba akanichukua porini kurina. Tulikaa wiki tatu. Niliporudi, kabla sijafika nyumbani, wenzangu wakanieleza habari za Mkaguzi, na jinsi mwalimu alivyosimama. Walikuwa wanaigiza namna alivyofuta jasho. Na mimi nikacheka pamoja nao, mama. Kitabu kilikuwa begani mwangu, ndani ya mfuko wa asali, na nikacheka.

Baada ya hapo ningeingiaje mlango ule? Nikamwambia bibi yako macho yanauma. Akanipaka dawa za kila aina, karibu yaume kweli.

Nimekwenda nacho kila nilikofanya kazi, Mishamo kwenye mahindi, Mpimbwe kwenye mpunga, na sasa huku. Siku za mbalamwezi nawasomea makuli chini ya chanja za kuanikia dagaa. Tuko tisa. Wengine wananirekebisha kwa kichwa, wamekishika chote. Mwandu hana hata mzinga mmoja lakini anabishana habari za malkia wa nyuki kama vile ni shemeji yake. Kwa hiyo mwambie huyo Bi Monika wako, vile vya kwenye kioo vyote kwa pamoja havijasomwa kama hiki kimoja kilichoibiwa.

Mpe mwalimu barua hii aisome mwenyewe. Usimsomee, na usinitetee. Kama atasema nipelekwe kwa mtendaji, sawa. Nimechoka kukibeba kuliko magunia.

Mjomba wako,
Method


Mwese, 6 Aprili 2025

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima, na bibi anasema ukija atakupaka tena ile dawa ya macho, safari hii ya pilipili.

Nilimpa barua yako ofisini, saa ya chai. Alivaa miwani akaisoma. Akaivua, akaifuta, akaisoma tena. Nikaona chai inapoa na sijui nisimame au nikae. Mwisho akaniuliza, "Ukurasa wa arobaini na tatu bado una doa la wino?"

Nikasema sijui mwalimu, kitabu kiko Ikola.

"Lile doa nilimwaga mimi," akasema. "Nilikuwa nakisoma kwa kujificha, Mwalimu Mkuu wa wakati ule hakutaka tuviguse." Kisha akaniangalia. "Method. Yule wa dirishani. Mimi nilijua nimempa mtu, lakini jina lilinitoka kwa woga mbele ya Mkaguzi, na baadaye mtoto hakuonekana tena shuleni. Mwisho nikaanza kudhani labda sikumpa mtu, nimekiweka mahali nikasahau. Nilidhani kosa ni kichwa changu." Halafu akaanza kucheka, mjomba, akacheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. "Makuli tisa! Kumbe kabati langu lina tawi Ikola!"

Akavua ufunguo. Ulikuwa umeshikana na rozari, tukauchomoa wote wawili kwa meno.

Tulifungua Ijumaa ile ile. Mpaka leo vimeazimwa arobaini na sita na thelathini na moja vimerudi. Kimoja kimerudi kimeliwa pembe na mbuzi. Nikampelekea mwalimu Eustace. Alichukua gundi akakibandika mwenyewe, akasema, "Huyu mbuzi naye aandikwe, ameazima."

Aliniambia pia niandikishe mkopo wako. Mkaguzi aliandika kwenye daftari tarehe aliyokikosa, kwa hiyo nikaingiza hiyo: Method, darasa la tano, 12 Juni 2003. Kishikwambi kilifikiri kidogo, kikatoa maandishi mekundu: kitabu kimechelewa siku 7,969. Walimu wote walikuja kutazama.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye shida. Bi Monika ameongeza sharti moja. Pamoja na vile vitabu arobaini, kila mmoja atume picha ya video ya mtu wa kijijini, asiye mwalimu, akiwasomea watoto kitabu cha maktaba. Mwisho ni tarehe ile ile, 30 Aprili. Nilimpeleka bibi, akawahubiria badala ya kusoma. Mwalimu Eustace amesema anamtaka mtu mmoja tu. Amesema hiyo ndiyo adhabu yako, na hakuna nyingine: uje ukirudishe kwa mkono wako, na uwasomee darasa la tano, kuanzia ukurasa wa kwanza.

Najua mwisho wa Aprili ni giza, na ni giza la mwisho kabla ziwa halijafungwa Mei kupumzisha samaki kama mwaka jana. Najua ndiyo siku za kazi nyingi. Sikulazimishi. Lakini dirisha lako bado lipo, limewekwa kioo.

Mpwa wako,
Romana


Ikola, 13 Aprili 2025

Mama yangu Romana,

Leo Jumapili ya Matawi, na ni miezi minane kasoro wiki moja tangu niondoke. Nimepokea salamu za pilipili. Mabega yaleyale, lakini nimelala vizuri siku nne mfululizo, mpaka Mwandu aliniamsha kuhakikisha sijafa.

Nimemweleza mwenye mzigo kwamba giza hili sitapakia. Akaniuliza naondoka kwa msiba gani. Nikamwambia narudisha kitabu shuleni. Alinitazama kama nimeugua. Mwandu akamwambia, "Bosi, mwache huyo, amechelewa siku elfu saba," maana nilimsomea barua yako. Amekubali. Ziwa likifunguliwa tena Agosti tutaonana, akitaka.

Kitu kimoja nakuambia ukweli. Gunia la dagaa mbichi siliogopi, lakini watoto arobaini wa la tano nawaogopa. Hapa nawasomea watu wanaosinzia. Nikikwama neno, Mwandu ananitukana tunaendelea. Watoto je? Nimeanza mazoezi. Kila jioni makuli wanakaa mbele yangu kwenye mchanga wakijifanya darasa la tano. Wananyoosha vidole, wanaomba ruhusa kwenda chooni, mmoja amekwisha kunishtaki kwamba namwonea. Wamenitesa kweli, lakini sikwami tena mpaka ukurasa wa kumi na mbili.

Hawataki kitabu kiondoke. Mwandu ananakili sura ya malkia kwenye daftari, kwa mwandiko unaofanana na mizizi. Naomba uniulizie kwa mwalimu Eustace kama kuli anaweza kuandikishwa kuwa msomaji wa shule. Atarudisha kwa wakati, nitamdhamini. Ila usiwaambie watu ni nani anamdhamini.

Doa la wino lipo. Nilidhani ni langu, nimelionea haya miaka yote.

Pasaka nitakula huku. Jumatano tarehe 23 napanda Fuso ya Enoka mpaka Mpanda, juu ya dagaa, kwa hiyo mniandalie maji ya kuoga mengi. Alhamisi tarehe 24 napanda bodaboda, na kama kilima cha mwisho kina tope nitatembea. Jioni nitegemeeni nyumbani. Ijumaa tarehe 25 saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa darasa la tano na kitabu namba 61 ndani ya nailoni mbili. Mwambie mwalimu Eustace asinifungulie dirisha, safari hii napita mlangoni.

Mjomba wako,
Method