Kompyuta Imekataa Mfumo, Nami Nimemwita Mkwe Wangu Mwizi

Jumanne, tarehe 14 Mei, mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke kwetu.

Mshauri wangu, sikudhani kwamba mimi, niliyesahihisha maandishi ya wengine katika kiwanda cha uchapaji maisha yangu yote, ningekuja kuandika barua ya namna hii, lakini sina mwingine wa kumwambia. Nina kompyuta ya mezani ninayoandikia habari za mji wetu, nyumba kwa nyumba, maana tunaoukumbuka tumebaki wachache, na mwezi wa tatu ilikuwa nzito mno, basi mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ambaye ni fundi kompyuta, akaja akaifungua, akaipangusa vumbi, akaweka diski mpya na mfumo mpya wa kuiendesha, ikaenda vizuri siku tisa, isipokuwa katika siku hizo niliichomekea ndani kijiti cha memori, kile kibao cha kumbukumbu, nilichokitoa kwenye kompyuta ya marehemu mke wangu, iliyokaa stoo miaka sita, kwa kuwa nafasi moja ilikuwa wazi na nilipenda kitu chake kiendelee kufanya kazi, halafu ikaanza kuzimika yenyewe, nikajaribu kuweka mfumo upya kwa flashi aliyoniachia, ukakwama asilimia 17, nikarudia ukakwama 64, kisha 38, kisha 81, mara kumi na moja, zote nimeziandika daftarini, nikaamini kwamba diski nzuri ameichukua na kunibandikia mbovu.

Jumapili, mezani, nilimwita mwizi. Alisema tu, "Baba, niruhusu niifungue." Nikamjibu, "Ukiigusa tena utaondoka na kilichobaki." Binti yangu akaweka kijiko chini. "Huyu ndiye anayekupeleka kliniki kila mwezi, Baba." Nikasema basi nitarudi kwetu nikafe kwa watu wanaonijua. Akauliza, "Nani huko anakujua?" Wakavaa viatu wakaondoka, na binti yangu simu zangu hapokei. Sanduku liko wazi kitandani. Niende? Na hii kompyuta ina nini?

Mzee wa Daftari

*

Mzee wa Daftari, shikamoo. Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama wima. Kijiti cha marehemu umekitaja katikati ya sentensi kana kwamba unaniambia ulifuta meza. Wewe uliyekuwa ukikamata nukta iliyopotea katika kurasa mia tatu, hiki kimekupitaje?

Namba zako ndizo ushahidi. Flashi ikiwa mbovu, kazi aghalabu hukwama pale pale. Ikikwama leo hapa na kesho kule, mshukiwa wa kwanza ni memori. Kijiti cha mashine nyingine, kilicholala stoo miaka sita, huenda kimekufa au hakipatani na mwenzake. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke, toa kijiti hicho, ubakize kile kilichokuwamo tangu mwanzo, uweke mfumo. Ikikwama bado, ndipo mgeukie diski na nyaya zake. Msibadilishe vitu viwili kwa mpigo, hamtajua kipi ndicho.

Nimesema mgeukie, kwa sababu hutaifungua peke yako. Mpigie mkwe wako, si binti yako. Mwambie kijiti ulichomeka wewe na hukusema, umwombe radhi kabla kifuniko hakijafunguliwa. Ukisubiri matokeo, utakuwa umeiomba radhi mashine, si mtu. Sanduku lifunge. Kama ni kwenda kwenu, nenda siku ambayo hapa hujamkosea yeyote.

*

Jumamosi, tarehe 25 Mei.

Mshauri, nilimpigia. Nikamwambia habari ya kijiti, nikamwomba radhi, naye akasema, "Tunakuja, Baba." Akachomoa kijiti kimoja tu. Mfumo ukapita 17, ukapita 64, ukapita 81, ukafika mia mara ya kwanza, nami nimekaa nimeshika kichwa. Alikifunga kijiti kile kwa karatasi, akanipa kwa mikono miwili. "Usikitupe. Kitafutie tu mahali pengine." Nimekiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa zile asilimia.

Binti yangu alilipandisha sanduku juu ya kabati bila kuniuliza. Sikumzuia. Habari za mji wetu nitazimalizia hapa. Kwetu sitarudi.