Ombi Lililoishia Kwangu

Lindenbach, Manitoba
4 Februari

Dada yangu Hedwig,

Pokea salamu kutoka nyumba uliyozaliwa. Natumaini goti limepunguza maumivu na baridi ya Saskatoon haijakufungia ndani kama hii yetu. Sisi tu wazima. Mume wangu Gerhard kikohozi kimemwachia, amebaki na kulalamika tu, na hiyo kwake ndiyo afya. Jamu yako ya cheri ilifika. Chupa moja ilipasuka njiani, na zile mbili tumeshazimaliza.

Najua Elvira Penner ameshashika kalamu kukuandikia, na akikuandikia yeye utasikia mengi. Afadhali uyapate kwangu.

Unamkumbuka Marlys Toews, aliyejiunga na kanisa letu mwaka ule ule ulipohama? Yule anayeimba akiosha vikombe. Haimbi ili asikike, na hilo ndilo linaloniudhi. Anaimba kama mtu aliyeshiba, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi huu mwaka wa tatu sijapata tonge. Nilikuambia nusu ya habari hii, nusu nikakuficha. Nikiomba, maneno hayafiki hata darini. Kila Jumapili napiga kinanda, vidole vinaijua njia, moyo haumo. Hakuna aliyekufa, hakuna lililonipata. Pamekauka tu. Mchungaji Loewen ameshaniambia mara tatu kwamba shamba chini ya theluji halijafa, limepumzika. Mtu wa mjini, wa Toronto, ananifundisha mimi theluji!

Siku moja kabla ya mavuno, jikoni kanisani, Marlys aliniuliza mbele ya watu, "Leona, mwenzangu, we huisikii ile raha ukiamka asubuhi?" Nikamjibu naisikia sana, kisha nikaenda kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Nilimwonea wivu, dada. Siyo kwa sababu ya nyumba wala watoto, maana hivyo ninavyo. Nilimwonea wivu kwa Mungu, kama mtoto anayemtazama mwenzake amepakatwa.

Basi, Novemba, mchana mmoja nikikata viazi vya supu, simu ikalia. Ni Marlys, ana ombi la kupitisha kwenye mnyororo wetu wa maombi. Utaratibu ni ule ule ulioanzisha wewe. Mwenye ombi hunipigia mimi niliyerithi nafasi yako ya kwanza, mimi nampigia Elvira, Elvira anampigia Nettie, na kuendelea hadi wanawake wote ishirini na wawili wa kwenye ile karatasi ya majina wamepata. Na sheria yako bado ipo: usiulize, usiongeze chumvi. Marlys akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu mavuno hawezi kuomba. Akifumba macho anaona giza tu, na anaogopa hatarudi kanisani baada ya Krismasi. Akauliza kama tungembeba kidogo. Nikamwambia, "Sawa, Marlys. Nimeshika kalamu."

Ilipofika Krismasi alikuwa anaimba tena. Mimi miaka mitatu, yeye wiki sita tu tangu apige simu! Kuanzia siku hiyo, kila nikiosha vyombo nilikuwa namgombeza Mungu. Nilimuuliza Marlys ana nini ambacho mimi sina. Nilimwambia nimempigia kinanda miaka thelathini, na Marlys hata noti hajui.

Kisha ikaja Jumapili iliyopita. Wakati wa shukrani Marlys akasimama, akatushukuru sisi wanawake ishirini na wawili kwa kumbeba. Alisema siku ile ile aliyonipigia alilala usingizi wa kwanza tangu mavuno, kwa sababu alijua kuwa hata asipoweza kuomba, sisi tunamwombea. Akalia, mumewe Corny akampa leso. Nami kwenye kinanda nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja. Kwenye kahawa baada ya ibada Elvira akanibana ukutani. "Mbona mimi nimerukwa? Nimekukosea nini?" Nikamwambia labda simu ililia akiwa zizini. Njia ya mwongo ni fupi: Nettie naye akaja kuuliza hilo hilo, na nyuma yake walisimama wengine wanne.

Hedwig, sikumpigia mtu. Nilipoweka simu chini siku ile ya Novemba nilimaliza kukata viazi, na nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nikajisemea, sasa na yeye aonje. Niliwaza nitampigia Elvira kesho, na kesho ikawa wiki, kisha nikaona aibu. Kwa hiyo Marlys alilala kwa maombi ambayo hayakuombwa na mtu yeyote.

Jumatatu nilikwenda kwake. Alikuwa anakata tambi, mikono yote unga. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama na koti langu. Akakaa chini. Akauliza, "Yaani hakuna hata mmoja?" Nikasema hakuna. Maji ya tambi yakachemka na kumwagika juu ya jiko, na hakuna aliyekwenda kuyaepua. Kisha, sijui kwa nini, nikamweleza na ile habari ya kuosha vyombo, kwamba tangu Krismasi namtaja kwa Mungu kila siku, namsengenya. Marlys akanitazama. Akasema, "Basi ni wewe peke yako uliyenitaja." Hakucheka, wala hakusema amenisamehe. Alisema kusamehe atasamehe, ila siyo leo, leo ana hasira. Nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwa kuweza kusema ukweli bila kuzunguka.

Kisha akafuta mikono, akainua simu yake, akabonyeza namba ya Elvira, akanipa. "Sema," akaniambia. Nikasema, "Elvira, ni Leona. Uliuliza mbona umerukwa. Sikupitisha ombi la Marlys, nililikalia. Na leo ombi ni langu. Huu mwaka wa tatu siwezi kuomba." Elvira, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuuliza kitu.

Bado siwezi, dada, usidhani nimepona. Lakini jana baada ya chakula cha mchana nilijinyoosha kwenye kochi la mama, nikijua wananitaja huko majikoni mwao, pengine wengine kwa hasira. Nilishtuka Gerhard ananiuliza kama leo hatuli. Nilikuwa nimelala hadi jioni.

Gerhard anakusalimu, watoto wanakusalimu, na Nettie anaomba ile namna yako ya kuoka mkate wa shayiri. Msalimie shemeji. Jina lako bado liko juu kabisa ya ile karatasi, nililikata kwa penseli tu, na leo asubuhi nimeufuta mstari. Kwa hiyo barua hii ndiyo simu yako. Mwenye ombi ni Leona. Usiulize, usiongeze chumvi.

Mdogo wako,
Leona Friesen