Sifongo Changa za Marehemu

Sevasti, unakumbuka jirani aliniuliza kwa nini marehemu mume wangu aliacha sifongo changa pale mwambani baharini, asizikate? Nilimjibu, "Zikue."

Shemeji Pothitos amezikata zote! Kila moja inaenea kiganjani.

Halafu kaniletea fungu la Mtakatifu Nikolaos, zile sifongo wazamiaji wanazomtolea sadaka, nilipeleke kanisani. Kinyaa kimenishika!

Eti, "Shemeji, kioo cha barakoa ya kuzamia kilinidanganya. Chini ya maji zilionekana kubwa."

Kioo! Kinachokuza vitu majini ni kioo bapa, kila mke wa mzamiaji anajua. Barakoa yake ina kioo kilichobinuka kama bakuli. Hicho hakikuzi.

Nikatia sifongo moja kwenye beseni la maji. "Vaa barakoa yako, zamisha uso."

Akazamisha. Akainuka, maji yanamchuruzika.

"Mungu anakusikia, Pothitos. Umeiona kubwa?"

Akavua barakoa, akatoka.