Unga Uliopimwa kwa Tumpeco ya Maharage

Ntinda, Kampala
14 Agosti 2024

Mpendwa dada Naliaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Vipi joto la Doha, na ule mgongo wako umepona? Sisi hatujambo. Mvua inanyesha, mume wangu Otim na zamu zake za polisi namwona kwa bahati, lakini tunamshukuru Mungu. Nakuandikia kwa karatasi, Goretti anayesafiri kuja huko akuletee mkononi, kwa sababu kwenye kundi la WhatsApp la familia wifi yangu Acayo yumo, na haya si ya macho yake.

Dada, nimechukizwa kweli kweli.

Baba alifika Alhamisi kutoka Bungoma. Amekonda, ukimwona utalia. Tangu tumzike mama anaonja vijiko viwili, anasukuma sahani. Ndiyo maana nilikuomba zile gramu za keki ya mama. Nilijiambia, akiionja hiyo ataanza kula.

Jumamosi nikaitwa dukani ghafla, na mizani yangu ilikuwa imeisha betri. Nikamwachia Acayo vitu vyote na maelezo, nikamsihi aazime mizani kwa jirani. Wapi! Unajua anauza maharage soko la Kamwokya. Huko wanapima kwa tumpeco, kile kikombe cha plastiki cha nusu lita: ukijaza kikawa na nundu juu, hiyo ni nusu kilo. Basi na unga kwake ukawa nusu kilo. Tena aliuchekecha kwanza, ukawa mwepesi kama majivu, ndipo akaupima! Sukari na siagi ya kuyeyusha alizipima humo humo, na hizo zilikaribia sawa. Lakini unga wa tumpeco hiyo, nilipokuja kuupima mwenyewe kwa mizani, haukufika hata gramu mia tatu. Mama aliandika mia tano!

Kilichotoka kwenye oveni, lo! Pembeni kimeungua, katikati ni uji unaong'aa mafuta, ukigusa meza unatikisika. Na ile tumpeco bado ina vumbi la maharage, ptuu! Kumuuliza, anacheka: "Wifi, nusu kilo ni nusu kilo." Akachota ile takataka kwa upawa, akampelekea baba kwenye bakuli. Keki, dada, kwenye bakuli! Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akala. Akakwangua bakuli, akaomba tena.

Nikasema ni adabu tu, yuko kwa wakwe. Jumapili nikaazima mizani, nikapika ile ya kweli, gramu kwa gramu. Ikaumuka, ikanukia kama jikoni kwetu mpaka machozi yakanitoka. Baba akamega kipande, akatafuna weee, akakirudisha kwenye sahani.

"Mama yenu, Mungu amrehemu, keki yake ilikuwa kavu. Nilikuwa naisukuma na chai." Halafu akageuka: "Acayo, ile yako imeisha?"

Naliaka, miaka yote ile! Na mama akijisifia hiyo keki kanisani! Nimechukizwa na Acayo, nimechukizwa na baba, hata unga wenyewe sitaki kuuona. Tafadhali shangazi zetu wasilisikie hili.

Lakini anakula. Jana alimaliza na ugali pia. Na Acayo kesho anasafiri kwenda Gulu, kwa hiyo leo, jamani banange, nimemeza kiburi nikamwita jikoni anifundishe. Nikajaza ile tumpeco unga ambao sijauchekecha, nundu juu, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akapunguza unga. Akasema hapo nimemkaushia mzee keki.

Msalimie sana Rashidah, mwenzako wa chumba. Otim na watoto wanakukumbuka, na baba anakuombea kila anapoinuka mezani. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe ukiwa mzima.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
mdogo wako Nerima