Nani Atawaambia Wazime?

Mpendwa mama,

Shikamoo, huko uliko. Leo nimekukumbuka kwa sababu ya nyangumi, na najua ungecheka.

Unaikumbuka ile Julai tuliyoshuka kutoka Lushoto kwenda Muheza kwa bibi, ukajifungue mdogo wangu Hamisi? Ulisema huwezi kuzalia kwenye baridi ile. Pale stendi ya Mombo mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameongezeka, yote yanapiga honi kugombea abiria, na wauza kaseti wamefungulia spika hadi mwisho. Nikazubaa kwenye mabeseni mapya ya plastiki. Kugeuka, hupo! Baadaye ulinisimulia kwamba uliniita mpaka sauti ikakauka, ndipo ukaenda kusimama mbele ya basi na tumbo lako.

"Zima gari! Na huyo wa kaseti azime. Namtafuta mwanangu."

Wakazima. Nikasikia "Zaina!", nikaikimbilia sauti yako huku nalia.

Miaka michache baadaye jirani alinunua televisheni, tukamwona nyangumi. Mtangazaji akasema kila mwaka hutoka bahari za baridi huko kusini, huja huku kwetu kwenye joto kuzaa. Ukanigeukia: "Kumbe na yeye anashuka kwa mama yake!" Kisha maswali yako. Anakula nini njiani? Nikakwambia hali, anaishi kwa mafuta ya mwilini. "Mzazi asile? Maziwa yatatoka wapi?" Na meli zikipita, mtoto anamsikiaje mama yake? Kabla sijajibu, ukauliza tena: "Nani atawaambia wazime?"

Tangu ututoke, mama, swali hilo haliniachi. Kila ninachokutana nacho kuhusu nyangumi nakisoma. Bahari za kusini zinapata joto, na vile vidudu kama uduvi vinavyowanenepesha vinapungua kwenye baadhi ya maeneo, kwa hiyo wengine hufunga safari wamekonda. Watoto wao huita kwa sauti ya chini sana, na injini za meli zinaifunika. Ziko sehemu wenye meli hupunguza mwendo nyangumi wanapopita, na kelele hupungua. Hawajazima, mama. Wamepunguza tu, na naogopa haitoshi.

Maana nyangumi naye humkinga mtoto wake kwa mwili, kama ulivyofanya wewe. Tofauti ni kwamba meli haimwoni, na haisimami.

Lala salama, mama. Hadi leo nikifika Mombo nasikiliza kwanza.

Mwanao uliyempata,
Zaina