Chombo cha Anga Ukutani kwa Maundu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimemfundisha Ndila kuchora chombo cha anga. Kila kitu, mimi!

Sawa, uongo. Nilishika ngazi. Shule niliachia darasa la nne, na nikichora ng'ombe watu huuliza ni meza ya nani.

Ndila ni mjukuu wa marehemu dada yangu. Aliacha kushona suruali kwenye kiwanda cha EPZ, eti mkono wake ni wa rangi. Jirani yangu Maundu anafungua duka la kinyozi, anataka chombo cha anga ukutani ili vijana wa Machakos wasimame. Jumamosi anakagua. Akikataa, Ndila anarudi kwa cherehani.

Cha kwanza kilitoka kama sufuria iliyokaliwa. Nilimwambia. Akacheka, akafuta chote. Chote! Mimi ningelia.

Jumanne, 4 Machi
Ajabu! Anasema mistari yote ya chombo lazima ikimbilie mahali pamoja kule mbali, ndiyo jicho likubali pua iko karibu, na mkia uko mbali. Mahali penyewe pakapita mwisho wa ukuta, pakaangukia mlango wa choo changu. Akapiga msumari hapo, akafunga kamba, akawa anaivuta na kuchora mstari mmoja mmoja.

Nikauliza, na mimi nikibanwa?

"Babu, vumilia, imebaki bawa moja."

Nikavumilia. Halafu nikarudi nyuma hadi barabarani — wee! Kinaondoka! Mkia karibu ufike mji wa Kangundo, na pua inataka kuning'oa meno.

Alhamisi, 6 Machi
Vivuli vimemshinda. Lile kuba la kioo juu, anapokaa dereva, limelala kama chapati. Asubuhi yote anapaka, anafuta. Nikainama kufunga kiatu.

"Babu, usisonge!"

Kumbe anatazama kipara changu. Jua linapiga huku, pana doa jeupe, halafu giza linaingia polepole hadi sikioni — na ukingoni kabisa mwanga kidogo unarudi kutoka kwa shati. Maisha yote nimebeba hiki kichwa na sikujua kiko na mambo hayo! Nimekaa juani hadi alasiri. Nikisinzia anapiga kelele, eti nimehamisha jua.

Jioni kuba limefura, nikataka kuligonga. Huyu msichana ana macho, jamani. Sitamwambia. Atavimba.

Jumamosi, 8 Machi
Maundu yuko hapa. Naandika kwenye stuli, najifanya simwoni. Amepita mara mbili. Watu wa bodaboda wamesimama kupiga picha — vizuri hivyo! Ndila anapangusa brashi iliyo safi tayari.

Sasa Maundu ananyoosha kidole kwa kuba. Anauliza, mbona hii ni kama kichwa cha mtu?

Ndila anasema ni kioo.

"Kioo gani? Mimi nanyoa nywele, wewe unanichorea kipara?"

Watu wa boda wanacheka. Ndila hacheki. Ameshika ile brashi kwa mikono miwili.

Maundu anageuka polepole. Anatafuta mwenye hicho kipara.

Ndila, nimekukalia juani kutwa na sikudai kitu. Nirushie tu kofia yangu hapo kwa ngazi — upesi!