Mbu wa Ndani ya Sufuria

Jumanne

Na eti hiyo ndiyo akili ya kompyuta!

Jana jioni kamera yangu ya kutambua mbu, ile niliyoweka juu ya pipa la maji la jirani yangu Mama Atieno hapa Laini Saba, ilinyamaza ghafla. Kazi yake ni kupiga picha, kuhesabu mbu na kutuma picha na hesabu kwa maabara kupitia mtandao. Nililala nikijiona nimefutwa kazi.

Asubuhi nikaenda mbio. Nikaikuta imefunikwa na sufuria ya ugali ambayo haijaoshwa.

"Si kulikuwa kunanyesha?" Mama Atieno akaniambia. "Nikaihurumia."

Sasa utamgombeza vipi mtu kama huyo? Sufuria ilikuwa imezuia mtandao kabisa. Nilipoiondoa tu, kamera ikatuma picha zote za usiku kwa mpigo. Taa yake ndogo ilikuwa imemulika ukoko mpaka kukakucha, na kompyuta iliyo ndani yake ikaona vile vidoa vyeusi vya kuungua ikaamua: mbu. Wengi sana. Aina isiyojulikana.

Kabla sijazifuta, Daktari, bosi wangu, akapiga simu akihema kwa furaha. "Umepata aina mpya! Niletee wachache kesho tuwapime DNA."

Nilitaka kumwambia ukweli, haki ya Mungu. Lakini tangu aniajiri hajawahi kunisifu, hata siku moja…

"Sawa, Daktari," nikasema.

Mama Atieno amenifungia ukoko kwa gazeti. Majibu ya maabara ninayo tayari: mahindi.